Sesio inayobaki wazi: lawama yangu juu ya vile tunafundishwa Hibernate

Leo sitaandika juu ya udongo wala juu ya ugonjwa wa mihogo. Nataka kutoa hukumu juu ya tabia moja iliyo ndani ya aplikasio nyingi za Java ambazo wanafunzi wetu wanaleta mbele ya juri kila mwaka. Jina lake ni Open Session in View, yaani sesio inabaki wazi mpaka ukurasa umalize kuchorwa. Ukitumia Spring Boot hauhitaji hata kuiomba. Iko tayari ndani, imewashwa, na programu ikianza inakuandikia onyo la mstari mmoja katikati ya mistari mia ambayo hakuna mtu anasoma.

Lawama yangu ni hii: tabia hiyo inafanya kazi ionekane imekwisha wakati bado haijakwisha, na deni analipa mtu mwingine, fasi nyingine, siku nyingine. Mwanafunzi anapata distinksio. Mpimaji wa kahawa kule kilimani anabaki kuangalia duara linazunguka ku telefone yake.

Mtu atauliza: agronome anatafuta nini huku? Hakuna siri. Kwetu mashariki, mtu anayejua Excel kidogo njo anapewa hifadhidata ya mradi, na anayejua SQL kidogo njo anapewa seva. Wengi wetu wenye licence ya agronomia tunaishi na orodha za wakulima, mashamba, miche na uzito kuliko vile tunaishi na jembe. Hizi programu ni vyombo vyetu pia, na mwenye kutumia chombo ana haki ya kukisema.

Tuanze na haki, juu Hibernate ni chombo kizuri. Gavin King aliianzisha mwaka 2001, huko Australia, wakati Java ya makampuni ilikuwa bado inatumia zile entity bean za EJB 2. Kule, kwa kuhifadhi obje moja tu uliandika darasa, violesura vyake, na XML ndefu ya kuchosha macho. Yeye alileta wazo rahisi: andika darasa la kawaida la Java, eleza vile linalingana na jedwali, na SQL itaandikwa na chombo. Wazo hilo lilishinda mpaka mwaka 2006 likaingia katika kanuni rasmi za Java kwa jina la JPA. Hata jina lenyewe nalipenda. Hibernate ni ule usingizi wa wanyama wa nchi za baridi. Sisi baridi hiyo hatuna, lakini aliyepita kozi ya fiziolojia ya mimea anajua dormansi ya mbegu. Obje inalala ndani ya hifadhidata kama mbegu kavu ndani ya mfuko. Ukiiamsha, inarudi na umbo lake.

Sasa, kuamka huko kunahitaji sesio, na hapa njo walimu wengi wanapita mbio. Mimi nitakaa kidogo.

Sesio ya Hibernate si ile sesio ya mtu aliyeingia kwa neno la siri, na si koneksio ya hifadhidata. Ni meza ya kazi. Unapoomba mkulima namba 412, Hibernate inamleta, inamuweka juu ya meza, na inachunga picha ya vile alikuwa wakati wa kufika. Ukimuomba tena, unapewa yule yule wa mezani. Wakati wa kufunga tranzaksio, inalinganisha kila obje ya mezani na picha yake ya kwanza, na ile imebadilika inaandikiwa UPDATE, hata kama wewe haukuita save hata mara moja. Meza ikifungwa, obje zinabaki mikononi mwako, ila zimekatwa. Ni kama tawi lililokatwa ku mti: majani bado yako, lakini mapya hayatakuja.

Halafu kuna uvivu, na ni uvivu mzuri. Mkulima ana mashamba, kila shamba lina vipimo vya mavuno ya miaka. Kuleta vyote hivyo kwa sababu ulitaka kuona jina la mkulima ni wazimu. Basi Hibernate inaweka kivuli kwenye fasi ya orodha ya mashamba. Siku utagusa kivuli, njo inakwenda kuleta vitu vyenyewe. Ukikigusa wakati meza imefungwa, unapata LazyInitializationException, ile kila mtu aliyefanya TFC ya Java anaijua kama jina la jirani yake.

Angalia sasa vile dawa inatolewa. Mwanafunzi anagonga kosa hilo saa sita za usiku, umeme ndio kwanza umerudi, juri ni kesho kutwa. Rafiki anamwambia: acha sesio wazi mpaka mwisho wa ombi, kosa litapotea. Na kweli linapotea. Lakini kosa lile lilikuwa na habari ndani yake. Lilikuwa linamwambia: wewe haukusema mapema unahitaji nini. Ni sawa na kuona mahindi yamekuwa manjano na kumwaga urea bila kuchimba hata kidogo kuona kama maji yanasimama chini.

Deni la kwanza wengi wamelisikia, wanaliita N+1. Tuseme ukurasa unaonyesha wakulima 300, na pembeni ya kila jina idadi ya mashamba yake. Swali moja kwa hifadhidata linaleta wakulima. Halafu ukurasa unapozunguka, kila mkulima kivuli chake kinaguswa, na kila kivuli ni swali jipya. Maswali 301. Ku laptop ya mwanafunzi hifadhidata inakaa ndani ya mashini ile ile, na mbele ya juri kuna wakulima watano wa mfano. Maswali sita, nani atayaona? Weka sasa seva fasi moja na hifadhidata fasi nyingine, kwenda na kurudi milisekunde 5: njia peke yake imekula sekunde moja na nusu, kabla mtu hajafanya kazi yoyote. Kama sesio ingefungwa mapema, ukurasa huo ungevunjika siku ya kwanza, kwa kelele, mbele ya yule aliyeuandika, na ndiye anayeweza kuutengeneza.

Deni la pili linatugusa sisi kuliko watu wa Ulaya. Tangu Spring Boot 2.0, koneksio za hifadhidata zinachungwa na HikariCP, na usipogusa kitu utapewa koneksio 10. Mwenye kuja wakati zote 10 zimeshikwa anangoja sekunde 30, halafu anapewa kosa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Spring na Hibernate, sesio ikishachukua koneksio kwa ajili ya swali la kwanza, haiiachilii mpaka sesio yenyewe ifungwe. Na tumesema sesio inafungwa wapi? Mwisho kabisa, wakati jibu limemaliza kuandikwa.

Fikiria sasa jibu kubwa, orodha nzima ya wakulima wa kilima kimoja, linashuka kwa telefone yenye mtandao wa kusota. Kama mbele ya seva hakuna Nginx au kitu cha kupokea jibu lote kwa haraka, seva inaandika kidogo, inangoja, inaandika kidogo. Wakati wote huo koneksio imeshikwa. Haifanyi kitu. Hifadhidata imekaa bure, prosesa imekaa bure, na mtu wa kumi na moja anangoja mlangoni.

Niliona jambo hilo kwa kooperative moja ya kahawa kando ya Ziwa Kivu, wakati wa mavuno. Kahawa nyekundu haitaki mchezo: iliyochumwa leo inatakiwa kumenywa leo, la sivyo inaanza kuchacha na ladha inaharibika. Kwa hiyo watu wote wanafika kituoni saa zile zile za jioni, na wapimaji wote wanafungua aplikasio saa zile zile. Ikawa inaganda. Wapimaji wakarudi ku makaratasi, wakisema wataingiza baadaye. Wakaingiza baadaye, wengine mara mbili, juu mara ya kwanza walipata kosa na hawakujua kama uzito umeandikwa ama haukuandikwa. Mama mmoja alikuwa na kilo nyingi kuliko miti yake inaweza kuzaa, na jirani yake hakuwa na kitu. Siku ya malipo ilikuwa maneno mpaka giza.

Kampuni iliyotengeneza ile aplikasio ilisema seva ni ndogo. Kooperative ikalipa seva kubwa zaidi. Ikaendelea kuganda vile vile, juu mlango wa watu 10 ni mlango wa watu 10 hata ukijenga nyumba ya orofa. Wangeweza kuongeza koneksio, ndiyo, lakini PostgreSQL nayo ukiacha vile ilivyo inakubali 100 tu kwa jumla, na kila moja inakula kumbukumbu ya seva. Kilichosaidia ni kuzima open-in-view, kupokea mvua ya makosa kwa siku kadhaa, na kuyatengeneza moja moja. Kila kosa lilikuwa ni ukurasa uliokuwa unakopa bila kusema.

Deni la tatu halijulikani sana, na kwangu njo baya kuliko yote, juu halina kelele hata kidogo. Nitalieleza polepole, na kila mtu anaweza kulijaribu ku mashini yake kama mimi nilivyolijaribu. Kontrola inaita huduma ya kwanza: nipe mkulima 412. Tranzaksio inafunguliwa, mkulima analetwa, tranzaksio inafungwa. Sesio bado iko wazi, kwa hiyo mkulima bado amekaa mezani. Kontrola haitaki namba yake ya telefone ionekane kwa wageni, basi inaweka nyota fasi ya tarakimu, kwa kuonyesha tu. Halafu inaita huduma ya pili, ambayo inaandika ndani ya jurnali kwamba fulani aliangalia ukurasa huu. Tranzaksio mpya inafunguliwa juu ya meza ile ile. Inapofungwa, Hibernate inapitisha macho mezani, inaona telefone ya mkulima 412 imebadilika, na inaandika nyota ndani ya hifadhidata.

Hakuna aliyeomba hivyo. Hakuna save popote. Na siku hizi wakulima wengi wanalipwa kwa telefone, kwa hiyo namba iliyopotea ni pesa ambayo haitafika. Nenda sasa kamtafutie mtu chanzo: utasoma ile kodi mara ishirini na kila mstari utaonekana kuwa na haki. Kama sesio ingefungwa pamoja na tranzaksio ya kwanza, mkulima yule angekuwa tawi lililokatwa, na nyota zingebaki kwenye ukurasa tu.

Wanaoitetea tabia hii si wajinga, na inafaa kuwasikiliza. Ilizaliwa wakati wa kurasa za JSP, ukurasa unachorwa ndani ya seva ile ile, watumiaji wako ofisini ku mtandao wa ndani. Hapo sesio kubaki wazi nusu sekunde zaidi haimuui mtu. Na ni kweli inamrahisishia anayeanza. Hata mimi, kwa aplikasio ya bibliotheki yenye watu wanne, singepigana. Lakini siwezi kukubali vile watu wa Spring walivyomaliza ubishi. Mwaka 2018, kwa Spring Boot 2.0, waliongeza lile onyo na wakaacha tabia yenyewe imewashwa, na hata kwa Spring Boot 3 iko vile. Yaani walijua. Waliona hatari inatosha kwa kuandikiwa onyo, lakini haitoshi kwa kuzimwa. Dawa ya shamba yenye alama ya fuvu la kichwa tunaifungia kabati. Hapa imewekwa mezani karibu na chumvi, na karatasi ndogo pembeni.

Kuna dawa nyingine mbili za uongo. Ya kwanza ni ile hibernate.enable_lazy_load_no_trans, ambayo kila kivuli kikiguswa inafungua sesio ndogo kwa ajili yake. Ni deni lile lile kwa riba kubwa zaidi, na watengenezaji wa Hibernate wenyewe hawaipendekezi. Ya pili ni kuondoa uvivu kabisa, kuweka EAGER kila fasi. Na hapa JPA yenyewe ina kosa lake: uhusiano wa kwenda kwa kitu kimoja, ManyToOne, ni EAGER usiposema kitu. Unaomba kipimo kimoja cha uzito, kinakuja na shamba, shamba linakuja na mkulima, mkulima na kikundi, kikundi na kijiji. Uliomba ndizi moja, umeletewa shamba na mwenye shamba.

Kazi ya kweli ni ya kuchosha kidogo, lakini haishindi mtu wa licence. Zima open-in-view siku ya kwanza ya mradi, kabla kodi haijazoea. Kila huduma iseme inahitaji nini: kama ukurasa unataka jina na idadi ya mashamba, uliza jina na idadi, vije ndani ya rekodi ndogo ya Java ambayo haina meza wala kivuli. SQL ya COUNT inafanya hivyo kwa swali moja. Kama kweli unahitaji obje nzima na mashamba yake, tumia JOIN FETCH, lakini usivute orodha mbili kwa mara moja: mashamba 4 na ziara 30 zinarudi kama mistari 120 kwa mkulima mmoja. Na weka alama ya Version kwa kila obje ambayo watu wawili wanaweza kuigusa. Bila hiyo, wapimaji wawili wakifungua deni la mkulima mmoja, wa mwisho kuandika anamfuta wa kwanza, na hakuna anayeambiwa. Sesio hata ikifungwa vizuri haitakusaidia kwa hilo.

Lakini lawama yangu kubwa si kwa Gavin King wala kwa Spring. Ni kwa jinsi tunavyotoa alama. Nimekaa kusikiliza utetezi wa TFC nyingi. Juri inauliza Merise, inauliza MCD, inagombana robo saa juu ya kadinaliti kama ni 0,n ama 1,n. Vizuri, hayo ni muhimu. Halafu mwanafunzi anafungua ukurasa, orodha ya watu watano inatokea, makofi. Sijasikia hata mara moja mtu wa juri akisema: washa spring.jpa.show-sql, fungua ukurasa ule tena, na tuhesabu mistari pamoja.

Kuhesabu huko kunachukua dakika mbili. Hakuombi juri ijue Hibernate. Kunaomba ijue kuhesabu. Ukurasa mmoja ukitoa mistari minne, mwanafunzi amefanya kazi. Ukitoa mingi kuliko watu walio kwenye orodha, mmuulize kwa nini, na mumuache aeleze. Na ndani ya hifadhidata ya mfano wawekwe wakulima 1000, si watano. Kuwatengeneza hao 1000 wa uongo ni kitanzi cha mistari sita ya Java, na anayeshindwa kukiandika juri itakuwa imejua jambo lingine pia.